Mkungu Kwenye Kiti cha Mbele

Asubuhi ya intavyuu niliamka nimeulalia mkono wangu, na mkono umekufa ganzi. Nikakaa kwenye mkeka nikiusubiri urudi. Ulipoanza kuchomachoma nikauonea wivu, maana mimi mzima nilikuwa ganzi hivyohivyo na hakuna kilichokuwa kinachoma. Mama tulikuwa tumemzika wiki hiyo, nyuma ya nyumba, kando ya migomba. Mimi ni binti yake wa kwanza na nilikuwa sijalia.

Watu walishaliona hilo. Msibani kwetu Nyakakika macho ni mengi kuliko mikeka. Shangazi, dada yake baba, mjane asiye na breki mdomoni, aliniuliza mbele ya wanawake wote: "Wewe mtoto, utalia lini?" Aliuliza kama anayeuliza nitafua lini. Siku nyingine ningemjibu jibu la kumkalisha chini, mimi si mtu wa kumezeshwa maneno. Siku hiyo nilisema, "Nitalia, shangazi," nikaenda kuongeza maji kwenye chai.

Kazi yangu msibani ilikuwa kuhadithia. Kila kundi la wageni likifika, likishalia kuanzia njia ya kuingilia kibanjani, yaani migombani kwetu, mpaka mlangoni, likishapokelewa na kukaa, mtu mzima mmoja atakohoa na kusema, "Haya, tuhadithieni. Ilianzaje?" Anayehadithia ni aliyeuguza, na aliyeuguza ni mimi. Lazima uanze mwanzo na ufuate njia. Ukirukaruka watu wanaona unaficha kitu, na kesho yake utasikia huko barabarani kwamba mama yako alirogwa, au kwamba mlimnyima dawa.

Kwa hiyo nilihadithia. Ilianza Jumapili. Alirudi kanisani, akavua kitenge, akalala kabla ya kupika, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Tukampa uji, akanywa kidogo. Siku iliyofuata akaamka, akamenya ndizi, kisu kikamdondoka, akasema mkono hauna nguvu. Halafu macho yakaanza kuona ukungu. Tukatafuta gari, tukamfikisha hospitali, wakamwekea maji, wakasema presha imepanda sana. Alfajiri Mungu akampumzisha. Basi, ndivyo ilivyokuwa. Na wageni wanaitikia, "Bojo, poleni," wengine wanajifuta machozi, na mimi nasimama kwenda kupokea kundi jingine. Niliisema mara nyingi mpaka ikawa inatoka yenyewe, naweza kuwa naisema huku nahesabu vikombe.

Baba hakuwahi kuisikia. Wanaume hukaa nje kwenye moto, na hadithi ilikuwa ya ndani. Yeye alikaa huko kwenye gogo lake, koti begani, akiitikia salamu.

Kazi niliyoitiwa ilikuwa ya mhandisi wa msaada wa kiufundi, kwenye kampuni moja ya programu za kompyuta huko Dar es Salaam. Jina kubwa hilo. Kwa Kiswahili cha nyumbani ni kwamba mfumo ukimgomea mteja, anakupigia wewe, anakufokea wewe, na wewe unatafuta tatizo liko wapi huku ukimwita "mpendwa mteja". Niliwahi kuifanya Mwanza, mkataba ukaisha, nikarudi nyumbani kwa muda. Huo muda ukaota mizizi. Nilimenya ndizi, nikaanika kahawa, nikatuma maombi ya kazi mpaka nikaacha kuwaambia watu kwamba natuma.

Kaka yangu mkubwa anafanya kazi Mwanza. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi alipoanza kunibana. "Mzee hawezi kubaki peke yake. Na wewe si uko tu?" Uko tu! Mtu ameuguza, ameosha, amesafiri na maiti, halafu yuko tu. Alisema kikao cha familia kitakaa siku ya kuanua matanga, na kwamba hakina mjadala mrefu. Nilimwelewa vizuri. Nikipata kazi, nina pa kwenda. Nisipopata, nimeolewa na jiko la mama yangu, na hilo ndilo litakuwa neno la mwisho kunihusu. Nilijua hivyo kwa akili. Moyoni palikuwa pakavu.

Siku yenyewe walifika wageni wa mwisho kutoka Kyerwa, asubuhi na mapema, nikawahadithia wote. Kisha nikanawa uso, nikavaa blauzi ya kola, chini nikabaki na kitenge changu cha msiba kwa sababu kompyuta inaonyesha kifua kwenda juu. Nikaingia stoo ya kahawa. Humo magunia ya buni yanazuia kelele, na dirisha lake dogo ndilo linaloshika mtandao. Shangazi akajipa kazi ya kulinda mlango.

"Wakija watu niwaambie uko wapi?"

"Waambie niko kwenye kikao."

"Na nani?"

"Na watu wa Dar."

"Wamekuja msibani?" Akachungulia ndani kuwatafuta.

"Wako kwenye kompyuta, shangazi."

Aliitazama kompyuta, akanitazama mimi. "Waambie tunashukuru kwa kuja," akasema, akavuta mlango.

Walikuwa wawili. Mwanaume kijana mwenye ndevu zilizochongwa, na mama mmoja mtu mzima mwenye miwani, ambaye ndiye alikuwa mkubwa wa kitengo. Wakaniuliza habari za huku. Nikasema nzuri. Hiyo "nzuri" ilitoka haraka kuliko jina langu.

Yule kijana akaanza. Akasema yeye sasa ni mteja, ana duka la dawa, mfumo haufunguki na wagonjwa wamejaa mlangoni. Akabadilika sauti hapohapo, akafoka vizuri kabisa, inaonekana ana kipaji. "Nyie watu hamjui kazi! Mnakula hela za bure tu!"

"Pole," nikamwambia. "Mara ya mwisho ulifunguka lini?"

"Jana! Kwani mimi natunza kumbukumbu za kompyuta?"

"Kati ya jana na sasa kuna kitu chochote kimebadilika? Umeme ulikatika, mtu amehamisha mashine, mtu amebonyeza sasisho?"

"Mnatuona wajinga sisi!"

"Hapana. Ile taa ndogo karibu na waya wa mtandao, inawaka?"

Akafoka tena na mimi nikauliza tena, hivyohivyo, mpaka tukafika kwenye waya uliochomolewa na mfagizi. Akacheka, akarudi kuwa yeye. "Dada, wewe hukasiriki?"

"Nakasirika sana," nikasema. "Ila si leo."

Wakaandika. Nadhani walifikiri ni utani. Wakauliza ya seva, ya nywila, ya mteja anayedai data zake zimefutika, na mimi nikajibu kwa sauti ileile. Nje nilimsikia shangazi akimfukuza mtu: "Kuna kikao humo!"

Halafu yule mama mwenye miwani akasogea kwenye kamera. Alikuwa na sauti ya taratibu, sauti ya mtu aliyezoea kukaa na watu. "Haya," akasema, "hebu tuhadithie tatizo moja kubwa ulilowahi kulishughulikia. Tuanzie mwanzo. Lilianzaje, mkafanya nini, likaishaje."

Nilikuwa na jibu lake. Nililiandaa tangu zamani, la mashine za ofisi moja ya Mwanza zilizogoma siku ya mishahara. Nilikuwa nalo kabisa kichwani. Nikafungua mdomo.

"Ilianza Jumapili," nikasema. "Alirudi kanisani, akavua kitenge, akalala kabla ya kupika."

Kijana aliendelea kuandika kidogo, kisha kalamu ikasimama. Nilimwona. Nilijua ninachokisema, sikuwa nimechanganyikiwa. Ila mtu akishasema tuhadithie, ilianzaje, huwezi kuishia sentensi ya kwanza na kuondoka. Nikawapa uji. Nikawapa kisu kilichodondoka, macho yenye ukungu, gari, hospitali, maji, presha. Pale nisipojua nikasema sijui. Sijui kwa nini hakusema mapema kwamba kichwa kinamuuma, sijui kama tungempeleka Jumapili ileile tungemwahi. "Alfajiri Mungu akampumzisha," nikamaliza. "Basi, ndivyo ilivyokuwa."

Hawakuitikia "bojo, poleni". Nikasikia panya kwenye magunia.

Kijana akasema, "Pole sana dada. Ni lini hii?"

"Wiki hii."

Akamgeukia bosi wake. Yule mama alikuwa amevua miwani. Sijui kama lilikuwa swali lililofuata kwenye karatasi yake na likamtoka kwa mazoea kama hadithi yangu ilivyonitoka, au kama alitaka kujua kweli. Aliniuliza: "Na ungepewa nafasi ya kurudia, ni kitu gani ungefanya tofauti?"

Kijana akashtuka. "Dada mkubwa..." akasema.

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Msibani hawaulizi hivyo. Msibani unaambiwa ulijitahidi, ulifanya kila kitu, siku yake ilikuwa imefika. Nikafikiri nitachukua muda kulijibu, kumbe jibu lilikuwa limekaa mlangoni.

"Ningeshusha ndizi," nikasema.

"Samahani?"

Ikabidi niwaeleze. Kwetu mgonjwa haendi hospitali mikono mitupu. Hospitali haipiki. Unabeba godoro, sufuria, jiko, kuni ukiweza, na unabeba mkungu, kwa sababu hujui mtakaa siku ngapi, na sote tulikuwa tunafikiria wiki. Gari lilikuwa mchomoko, hivi vigari vidogo vya abiria. Mama tulimlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwangu. Godoro na vyombo vikajaza buti. Mkungu, mkubwa kuliko yote uliokuwa kibanjani, baba aliukata mwenyewe na panga, na ulipokosa nafasi ukawekwa kiti cha mbele. Dereva akalalamika kwamba utomvu utamharibia kiti. Baba akavua koti lake, akaufunika mkungu vizuri, wakaufunga na mkanda usianguke. Ndipo akauliza, "Na mimi nakaa wapi?" Dereva akamwambia, "Mzee, wewe utafuata kesho na pikipiki." Baba akabaki amesimama na panga lenye utomvu. Kesho yake hakuwa na wa kumfuata. Mkungu ulirudi nyumbani na maiti, haujachomolewa hata ndizi moja, ukapikwa msibani.

"Kwa hiyo ningeshusha ndizi," nikasema. "Nikampandisha mzee."

Kijana akauliza kama tuahirishe, tupange siku nyingine. Nikamuuliza kama wana maswali yamebaki. Akasema hapana. "Sasa tunaahirisha nini?" nikamwambia. Wakanishukuru, nikawashukuru, nikafunga kompyuta. Shangazi akaingia hapohapo, bila shaka sikio lilikuwa mlangoni.

"Wamesemaje?"

"Watapiga."

"Wamelia?"

"Yule mama, karibu."

"Afadhali yeye," akasema shangazi.

Siku ya kuanua matanga kikao kikakaa. Kaka akasema aliyoyasema. Mdogo wake anayemfuata akaunga mkono, maana yeye huunga mkono chochote kinachomrudisha mapema kwake Bukoba. Nikaulizwa. Nikasema simu haijapigwa, kwa hiyo sina la kusema. Baba alikuwa anachokoa ardhi na kijiti. Wakaondoka, nikabaki nimekabidhiwa funguo za stoo. Nilidhani usiku huo ndio nitalia, nikajiandaa kabisa, nikalala usingizi mzito.

Jembe likarudi ardhini. Nikapalilia, nikapika, baba akala akashukuru, tukakaa jioni mimi na yeye na shangazi aliyekataa kurudi kwake, redio ikisema peke yake. Siku simu ilipopigwa nilikuwa namenya ndizi na mikono imejaa utomvu, nikapokea kwa kiwiko.

Alikuwa yule mama mwenye miwani. Akasema nimepata. Akasema walikuwepo waliojua mitambo kunizidi, asinifiche, lakini wao wanataka mtu anayeweza kueleza jambo baya kwa mpangilio bila kumtupia mtu lawama, na akifika pale asipojua aseme hajui. "Mwenzangu hapa mpaka leo anaongelea zile ndizi," akasema. Nikasema asante. Nikamalizia kumenya.

Nilimwambia baba akiwa anageuza kahawa juani. Hakuacha kugeuza. "Nenda," akasema.

"Na wewe?"

Shangazi akajibu kutoka jikoni, "Nani kasema baba yako ni kichanga? Mimi nimeshamlea tangu hajui kupenga kamasi." Na kaka alipopiga simu kutoka Mwanza kufoka, shangazi ndiye alipokea. Sikusikia alimwambia nini, ila hakupiga tena kuhusu hilo. Nilipaswa kufurahi na nilijua kwamba napaswa. Nilikunja nguo.

Siku ya kuondoka lilikuja gari lilelile, kwa kuwa kijijini la kukodi ni hilo, na dereva yuleyule. Nilikuwa naenda Omurushaka kupanda basi. Begi langu likaingia buti. Nilipotoka ndani kumaliza kuaga nikakuta shangazi ameshapakia mkungu kiti cha mbele na anatafuta mkanda.

Kitu kikanipanda. Hasira, hatimaye, hasira yangu mwenyewe ninayoifahamu. "Shusheni!" nikapiga kelele. "Shusheni hizo ndizi!"

"Heee! Utakula nini Dar?"

"Dar kuna ndizi!"

"Zile si ndizi, ni—"

Nikafungua mlango, nikaukumbatia mkungu, nikaushusha mwenyewe mpaka chini, blauzi ikachafuka. Shangazi akaziba mdomo kwa kiganja. Nikamgeukia baba aliyekuwa amesimama penye kizingiti. "Baba, panda."

"Niende wapi?"

"Omurushaka. Unisindikize. Utarudi na gari."

Akaingia ndani, nikadhani amekataa. Akatoka amevaa koti. Kifuani lina mabaka meusi ya utomvu, yale hayatoki hata ufue vipi. Akakaa kiti cha mbele. Mkanda hakuujua, nikamfunga mimi, nikaenda kukaa nyuma, mahali pangu palepale, mapaja matupu.

Tulipita kanisani. Tulipita shule. Baba hakugeuka, aliongea akitazama barabara.

"Watu wote umewahadithia," akasema. "Mimi bado."

"Baba, ulikuwepo."

"Mwanzo nilikuwepo. Anzia hapa gari lilipoondoka."

Nikafungua mdomo, na sentensi yangu ikaja: tukamfikisha hospitali. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yote, maneno mawili, kundi baada ya kundi. Hakuna aliyewahi kuona kwamba nimeruka, na hata yule mama wa Dar hakuiona. Dereva akapunguza redio.

"Aliuliza uko wapi," nikasema. "Pale kwenye mteremko. Alisema, mzee yuko wapi. Macho hayakuwa yanaona vizuri. Nikamwambia uko mbele."

Baba akainamisha macho kwenye koti lake.

"Aliona koti, baba. Akaamini. Akaanza kuongea na wewe. Aliongea na wewe njia nzima."

Mikono yangu ikaanza kunichomachoma, na safari hii niliihisi yote miwili, mpaka vidole.

"Alisemaje?"

"Alisema kahawa iko nje na mvua itanyesha, uianue. Alisema kuna maziwa kwenye kibuyu kidogo, usiyaache yakaharibika. Alisema usilale bila kula. Kisha akasema, mbona hunijibu."

Hapo ndipo nilipolia. Nililia kwa sauti, kama mgeni anayeingia kibanjani, na sikuwa na haya ya dereva wala ya watu wa barabarani waliogeuka kutazama. Kupitia machozi niliona bega la koti pale mbele, nililoliona siku ile, na safari hii likasogea. Baba aliinua kichwa kidogo, kama alivyofanya kila mama alipomwita kutoka jikoni.

"Nimesikia, mama," akasema. "Kahawa niliianua."